Peremende za Thika na Gazeti la Mkopo

Wiki chache zilizopita nilikuwa katika harusi hapa Mombasa. Pilau ilikwisha kuliwa, sisi wazee tukajitenga barazani kungoja kahawa, na mazungumzo, kama ijulikanavyo, yakarudi utotoni. Mmoja akataja gubiti, mwingine akataja achari ya embe na ubuyu mwekundu, wa tatu akaapa kwamba kashata za siku hizi si kashata bali ni sukari iliyopakwa rangi. Kila mtu alikuwa na duka lake la kona na mwenye duka wake. Ilipofika zamu yangu nikasema kwamba mimi peremende zangu nilizilia Thika.

Wakacheka sana. Kijana mmoja aliyekuwa akitugawia kahawa, msomi wa chuo kikuu na mtunzi wa mashairi mazuri tu, akaniuliza kwa adabu, lakini kwa kutaka kujua hasa: "Ami, sasa Kiswahili chako ulikipata wapi? Bara si hakuna Kiswahili?"

Sikumjibu pale, maana kahawa ilikuwa moto na bwana harusi alikuwa akiingia. Namjibu leo hapa, na jibu lenyewe ni fupi: nilikipata dukani, katika karatasi za kufungia njugu. Lakini jibu fupi kama hili haliaminiki, basi nivumilieni nilirefushe.

Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipata kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika mwaka 1974, akatuhamisha sote kutoka Mombasa. Nilikuwa na umri wa miaka sita na ndiyo kwanza niko katika juzuu ya Amma. Tukapanga vyumba viwili Majengo. Wasomaji waliokaa bara wanajua kwamba miji mingi ya huko ina Majengo yake, na ndiko aghalabu utakakoukuta msikiti, chuo, na mama anayekaanga mahamri. Thika ya siku hizo ilikuwa mji wa viwanda na wa harufu. Upepo ukivuma huku ulinukia mananasi ya Kenya Canners. Ukigeuka ulileta harufu ya viwanda vya ngozi, na hapo hata mahamri ya moto yalikosa ladha.

Duka letu la kona lilikuwa la Mhindi mmoja mzee ambaye sisi watoto tulimwita Bwana Mizani, kwa jinsi alivyokuwa akiinama kuichungulia mizani yake kila alipopima robo ya sukari, kana kwamba kuna mtu amejificha ndani yake. Juu ya kaunta zilipangwa chupa kubwa za vioo. Moja ilikuwa ya peremende nyeupe zenye mistari, moja ya tofi zilizofungwa karatasi za rangi, moja ya zile duara ngumu ambazo ukizitia mdomoni baada ya alasiri huendelea nazo mpaka magharibi. Palikuwa na chingamu za PK, na baadaye zikaja Big G. Peni moja, yaani senti kumi, ilikupa peremende mbili. Senti tano ilikupa moja, pamoja na amri ya kuondoka mlangoni usizuie wateja. Thumuni ilikuwa mali ya sikukuu, mtoto aliyeingia na thumuni aliitwa "bwana."

Sitaki nimpambe mzee yule kuliko alivyokuwa. Alituuzia sigara mojamoja tulipotumwa na wakubwa, na hakuuliza mara mbili kama kweli tumetumwa. Na magego yangu matatu yaliyong'olewa nayaandika katika hesabu ya zile chupa zake.

Nje, penye kibaraza, aliketi mama wa kashata. Huyu hakuwa na chupa wala kaunta. Alikuwa na sinia, kipepeo cha kufukuzia nzi, na rundo la magazeti ya zamani ambayo Bwana Mizani akimuuzia kwa uzito. Kashata za nazi, kashata za njugu, simsim, na njugu za kukaanga. Ukinunua njugu alirarua ukurasa, akaukunja kwa mkono mmoja mfano wa pembe, akatia njugu, akakunja kichwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata sikuwahi kumwona akiumwaga mzigo.

Na pale mlangoni, juu ya kamba iliyofungwa kutoka msumari hadi msumari, yalining'inia magazeti mapya kwa vibanio vya nguo. Palikuwa na Baraza, lile la kila wiki lililoanza mwaka 1939 na kukoma mwishoni mwa miaka ya sabini. Palikuwa na Taifa Leo, lililokuja kila siku kutoka Nairobi tangu mwaka 1960. Palikuwa na magazeti ya Kiingereza ya mabwana wa ofisini. Na chini, katika sanduku, kulikuwa na vitabu vya picha vilivyochakaa vya Lance Spearman, yule mpelelezi wa Kiafrika mwenye kofia, ambaye hakuna mvulana wa rika langu asiyemjua. Mwalimu wetu wa chuo hakumpenda Spearman hata kidogo, kwa sababu ya sigara zake na wanawake zake. Sisi tukimsoma nyuma ya choo cha shule.

Wengi walianza na Juha Kalulu, vichekesho vya picha vya Edward Gitau katika Taifa Leo. Mtoto asiyejua kusoma alitazama picha, akacheka. Aliyejua nusu alimsomea asiyejua. Aliyejua kamili aliwasahihisha wote. Nami nilijua nusu. Siku hizo tulisimama mbele ya ile kamba, mikono nyuma kama askari, maana sharti la Bwana Mizani lilikuwa moja tu: soma kwa macho, usishike kwa mkono. Hakutufukuza. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ukarimu ama alijua kwamba mtoto anayesoma mlangoni mwishowe atanunua peremende. Yamkini yote mawili.

Mashairi niliyakuta kwenye njugu.

Siku moja nimemaliza njugu zangu, naikunjua karatasi nilambe chumvi, naona beti mbili na nusu. Si picha, si habari ya mkuu wa wilaya kuzuru mahali. Beti, zimepangwa kama tulivyokuwa tukipanga mistari ya kasida chuoni, vina vikiitikiana katikati na mwishoni. Nikazisoma kwa sauti ya maulidi, zikakubali. Mtunzi alikuwa akimjibu mwenzake aliyemtukana wiki iliyopita, na pale alipofika kwenye jibu lenyewe, karatasi ikaisha. Imeraruliwa! Nikamkimbilia mwenzangu aliyenunua baada yangu: "Nionyeshe karatasi yako." Akadhani nataka njugu zake, akanipiga ngumi. Yake ilikuwa matangazo ya mbolea.

Basi nikawa mwindaji wa karatasi. Mama wa kashata akanizoea, akawa akiniwekea kurasa zenye mistari mifupimifupi, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kusoma, na alitambua ushairi kwa umbo kama mtu atambuavyo samaki kwa mapezi. Mwalimu wa chuo naye akanipa kazi katika uwindaji huo: magazeti ya msimu wa Idi yalikuwa na pongezi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wakati mwingine aya, na karatasi ya namna hiyo haifai kufungiwa kitu wala kukanyagwa. Nikiiona nimpelekee. Nadhani mimi ndiye mtoto pekee wa Majengo aliyeruhusiwa na mwalimu kupekua takataka.

Lakini ushairi wa vipande huchosha moyo. Mwaka 1977, nikiwa na miaka tisa, nikafanya jambo ambalo nilijua ni kosa. Bwana Mizani alikuwa na daftari refu la mikopo, na jina la baba lilikuwamo: sukari, mafuta ya taa, unga, sabuni. Mwisho wa mwezi baba alikwenda kulipa. Siku ya mashairi nikasimama mbele ya kaunta, koo limenikauka, nikasema: "Gazeti moja la Kiswahili. Uandike kwa baba." Akanitazama juu ya miwani. Akaandika.

Wiki nne niliandikisha. Niliyasoma magazeti yale mpaka nikayahifadhi, kisha nikayaficha chini ya mkeka. Mwisho wa mwezi ukafika, baba akaenda dukani, akarudi. Sauti yake haikupanda. Akaniuliza: "Umechukua gazeti mara nne kwa jina langu?" Nikasema naam. "Lete."

Nikaleta, nikikadiria urefu wa bakora. Akalichukua moja, akaligeuza, akalitazama upande huu na upande huu, akanirudishia. "Soma."

Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho sikuwa nimekiwaza maisha yangu yote mafupi. Baba alikuwa msomi. Aliandika barua kwa nyanya Mombasa kila wiki mbili; aliweka hesabu zake; alihifadhi mashairi ya wazee ambayo mimi leo siyakumbuki. Lakini yote hayo aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake kikienda kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofunzwa chuoni. Gazeti la Kiswahili, la lugha yake mwenyewe, lilikuwa limefungwa mbele yake. Miaka mitatu alipita mbele ya ile kamba ya magazeti kila jioni, na sisi tulidhani hana haja nayo.

Nikasoma. Nikafika ubeti wa tatu akanizuia. "Rudia hapo." Nikarudia. "Pana pungufu." Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa. Akahesabu kwa vidole juu ya goti, mizani moja moja. "Basi amekosa aliyetunga, ama amekosa aliyechapa. Kipande hiki kina saba." Nami nikahesabu, nikakuta saba. Jioni ile nikajifunza mizani, si ile ya sukari, na sijapata darasa jingine lililonikaa namna hiyo.

Tangu siku hiyo gazeti likaingia katika daftari kwa idhini, kati ya mafuta ya taa na unga. Baba akawa akiuliza kabla ya kuvua viatu: "Limekuja?"

Sasa nimwambie yule kijana wangu jambo ambalo huenda hakufunzwa chuo kikuu. Shuleni, siku zetu, Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mzee Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni mwaka 1974, mwaka ule ule tuliohamia Thika, lakini mtoto wa darasa la saba alitahiniwa Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Kiswahili kikawa somo la lazima la mtihani baada ya mfumo wa 8-4-4 kuingia mwaka 1985. Mwalimu wa shule hakuwa na sababu ya kujisumbua, wala hakujisumbua. Kwa hiyo mtoto wa wakati huo, wa bara hata wa pwani, kama alisoma Kiswahili kizuri kilichochapishwa, alikisoma mahali ambapo hapakuwa na mwalimu. Mimi nilikisoma kati ya sigara na peremende.

Na si mimi peke yangu. Ami yangu alikuwa karani katika shamba moja la kahawa Ruiru, kilomita 20 hivi kutoka kwetu kwa njia ya Nairobi. Likizo nilikuwa nikipelekwa kwake kwa matatu ya Peugeot, tumebanwa kama tende. Ruiru ya wakati huo ilikuwa kijimji cha njia moja kilichozungukwa na kahawa pande zote, na duka la magazeti halikuwapo. Palikuwa na mtu na gunia. Alilitandika pale kituoni, akapanga magazeti na kuyawekea mawe yasipeperuke, na pembeni akaweka kopo la peremende na pakiti za sigara zilizofunguliwa. Hiyo ndiyo idara yake nzima.

Mnamo Julai 1975 jalidi iliunguza kahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa namna isiyopata kuonekana. Miaka ya 1976 na 1977 fedha zikaonekana hata mifukoni mwa watu ambao fedha hazikuzoea kulala humo. Nakumbuka mwisho wa mwezi mmoja kopo la peremende lilikwisha kabla ya adhuhuri. Lakini nakumbuka zaidi wale wachumaji waliokaa kando ya gunia wakimzunguka mtu mmoja mwenye gazeti. Walichanga senti, wakanunua nakala moja, na yeye akawasomea bei, kisha habari, kisha, wallahi, mashairi. Wengi wao Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha. Mahali pa kucheka walicheka, na penye neno gumu walimsimamisha msomaji wakajadiliana, huyu akitoa maana ya Kikamba, yule ya Kikikuyu. Nakala moja, masikio ishirini. Ndiyo hiyo "bara isiyokuwa na Kiswahili."

Bwana Mizani aliondoka mwaka 1979. Nduguze walikuwa wametangulia Uingereza baada ya sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, iliyowabana wafanyabiashara wasiokuwa raia. Yeye alibaki nyuma miaka mingi kisha akachoka kubaki peke yake. Baba alilipa daftari mpaka senti ya mwisho, kwani kwetu deni humfuata mtu kaburini, na mzee yule akampa chupa moja ya peremende, tupu. Mama aliitia sukari miaka kumi. Duka likachukuliwa na Mkikuyu kijana, naye, nimshuhudie kwa haki, aliendeleza daftari lile lile na kamba ile ile. Kwa hiyo anayeniambia kwamba hayo yalikuwa mambo ya Wahindi, hajui anenalo.

Mwaka 1998 nilipata safari ya kikazi iliyonifikisha Leicester. Asubuhi ya kwanza nikaingia duka la kona kutafuta gazeti. Peremende mbele, chini, kimo cha mtoto; magazeti pembeni; sigara nyuma ya mwenye duka. Nikasimama kama niliyepigwa na kitu. Mwenye duka, Mhindi wa makamo, akanisikia nikinong'ona "Subhanallah," akauliza kwa Kiswahili natoka wapi. Yeye mtu wa Kisumu. Akanieleza kwamba wenzake wengi waliotoka Kenya, na Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, waliingia katika biashara hii, kuamka saa kumi usiku kupokea magazeti. Mji ule mwaka 1972 ulitangaza katika gazeti la Kampala kuwaomba wasije. Walikuja, na sasa ndio wanaouuzia magazeti yake. Nilicheka. Lakini nilirudi hotelini na huzuni nisiyoielewa: duka la utoto wangu lilikuwa hai, ila lilikuwa limehamia kwa watoto wengine.

Mwaka jana nilikwenda Thika. Barabara kuu ya njia nyingi iliyokamilika mwaka 2012 ilinifikisha kabla sijamaliza uradi wangu. Ruiru sikuitambua, mashamba yamegeuka maghorofa, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji ule una watu wapatao 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Pale kituoni nilizunguka asubuhi nzima nikamwona muuza magazeti mmoja, naye alinambia kwamba wateja wake ni watu wa umri wangu.

Duka la kona Majengo lipo. Ni la M-Pesa, vifuniko vya simu, soda, na, alhamdulillahi, peremende, tena za aina nyingi kuliko zamani. Nikamuuliza kijana wa duka kama anauza gazeti. Akanijibu kwa upole: "Baba, gazeti siku hizi liko kwa simu."

Ni kweli, wala mimi si adui wa simu. Nimo katika makundi matatu ya washairi katika simu hii hii, na usiku tunajibizana mpaka mke wangu akalalamika. Lakini simu ni mali ya mtu mmoja, imefungwa kwa namba ya siri. Hakuna mtoto wa miaka tisa atakayelikuta shairi langu humo kwa bahati mbaya, akitafuta chumvi ya njugu. Lile gazeti kwenye kamba lilikuwa la kila apitaye, mwenye senti na asiye na senti, na aliyejua na aliyejua nusu. Tunalia kwamba vijana wetu hawajui vina wala mizani, tunawalaumu, tunawafanyia semina katika hoteli. Je, tumewawekea wapi? Hapa Mji wa Kale wenyewe, hebu nihesabie maduka ya kona yanayoning'iniza gazeti la Kiswahili mlangoni. Kamati ya msikiti hununua zulia jipya kila Ramadhani. Gazeti moja kwa siku kwenye baraza ya chuo ni bei ya soda chache. Hatulinunui kwa sababu hatukumbuki kwamba sisi wenyewe tulisomea mlangoni mwa mtu.

Yule kijana wa Thika nilimlipa miezi mitatu mbele, aagize nakala moja kila Jumamosi, aifunge mlangoni kwa kamba, na asimfukuze mtoto. Alidhani nimechanganyikiwa, lakini fedha akazipokea. Juma lililopita nilimpigia kuuliza hali. Akasema watoto wanasoma vichekesho, wawili watatu wanasoma na mengine, na kwamba kuna mama wa kuuza njugu hapo nje ambaye ameshaliomba. Nikamwambia ampe, lakini Jumatatu, watoto wakishamaliza.